Kijani cha Bwawani: Mwani Mdogo na Majitaka ya Nyumbani

Mkulima wa Usoke anaponunua mfuko wa urea wa kilo 50, hulipia kilo 23 za naitrojeni. Kaya yenye watu sita, kwa njia ya choo peke yake, hutoa kati ya kilo 12 na 24 za naitrojeni hiyohiyo kila mwaka, kutegemea chakula kinacholiwa katika nyumba hiyo. Kila nyumba ya namna hiyo, basi, inafukia ardhini mwaka hadi mwaka kiasi kinachokaribia nusu mfuko hadi mfuko mzima wa mbolea, huku mwenye nyumba akihangaika kutafuta fedha za kununulia mwingine kwa ajili ya mahindi yake.

Mbolea hiyo haipotei. Sehemu yake huzama pamoja na maji ya mvua hadi kwenye maji ya ardhini yanayolisha visima. Sehemu nyingine, hasa ile inayotoka katika maji ya kufulia na kuoshea vyombo yanayomwagwa nje, huchukuliwa na mifereji hadi mbugani na kwenye lambo. Makala hii inaeleza njia mojawapo ya kuinasa kabla haijafika huko, yaani kutumia mwani mdogo usioonekana kwa macho. Ni njia iliyothibitika, na hapa nchini inafanya kazi kila siku. Hata hivyo ina sharti moja ambalo mara nyingi halielezwi, na mtumiaji asiyelifahamu anaweza kulipia kazi ambayo haikukamilika.

Virutubisho ni nini, na vina ubaya gani

Watu wengi wakisikia neno majitaka hufikiri kuhusu harufu na vijidudu vya magonjwa. Hayo ni ya kweli, na ndiyo ya kwanza kushughulikiwa. Lakini maji yanaweza kuondolewa harufu, yakapungua vijidudu, yakaonekana mazuri katika glasi, na bado yakabeba mzigo mkubwa wa virutubisho. Virutubisho vinavyozungumziwa hapa ni viwili: naitrojeni, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka katika mkojo, na fosforasi, ambayo hutoka katika mkojo, kinyesi, mabaki ya chakula na baadhi ya sabuni za unga.

Katika shamba, vitu hivyo viwili ni neema. Katika kisima, naitrojeni hugeuka kuwa naitreti. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa, kwa sababu zaidi ya hapo mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo anaweza kushindwa kubeba hewa ya oksijeni ipasavyo katika damu yake, ngozi na midomo vikawa na rangi ya samawati. Mzazi anapaswa kufahamu kwamba naitreti haina rangi, haina harufu wala ladha. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kwa kuwa sehemu ya maji hupotea kama mvuke, kiasi kinachobaki huwa kikali zaidi. Dawa ya klorini nayo haiiondoi.

Katika lambo, kinachotangulia kuleta madhara ni fosforasi. Maji yaliyosimama huanza kugeuka kijani fosforasi inapofikia sehemu chache tu za mia za miligramu katika lita moja. Gramu moja ya fosforasi inatosha kukuza takriban gramu 100 za mwani mkavu, na ukiwa ndani ya maji, mwani huo ni mwingi mno. Baadhi ya viumbe vinavyostawi katika hali hiyo si mwani halisi bali ni bakteria wa kijani-bluu, ambao baadhi yao hutengeneza sumu inayodhuru ini. Ng'ombe na mbuzi wamekufa katika nchi nyingi kwa kunywa maji yenye utando wao. Sumu hiyo pia haiondoki kwa kuchemsha.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Tabora kuelekea Ujiji ilipita katika nchi hii ya Unyamwezi, na ilipanga mwendo wake kufuata maji. Kambi ilikaa siku moja au chache penye kidimbwi au kisima, kisha wapagazi wakajitwika mizigo na kuacha uchafu nyuma yao. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mwendo wa miguu wa wiki nyingi ukawa safari ya siku chache. Mji wa kituoni, hata hivyo, hauna desturi ya kambi. Hauhami. Maji unayoyachafua leo ndiyo utakayoyachota mwakani, na idadi ya watu inapoongezeka, kila shimo jipya la choo linakaribia kisima cha jirani.

Jinsi mwani unavyofanya kazi

Neno mwani kwa watu wa pwani humaanisha majani ya baharini, yale yanayolimwa Zanzibar kwa kamba na vigingi. Mwani unaozungumziwa hapa ni wa jamii pana hiyohiyo, lakini ni chembe mojamoja. Aina iitwayo Chlorella ni ndogo kiasi kwamba chembe 100 hadi 500 zikipangwa mstari mmoja ndipo zitimize urefu wa milimita moja. Zikiwa chache maji huonekana safi. Zikiwa mamilioni katika kila kijiko, maji huwa kijani kama mchuzi wa mlenda.

Nchini kwetu mwani huu hutumika katika mabwawa ya kutibu majitaka, mfumo ulioenea kuliko mingine yote katika miji yenye mabomba ya majitaka. Mabwawa ya Vingunguti, Dar es Salaam, ni ya aina hiyo, na hupokea pia magari yanayonyonya makaro ya majumbani. Yapo ya Mabogini, Moshi, ambako wakulima wa mpunga wamekuwa wakitumia maji yanayotoka kumwagilia mashamba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeyatafiti mabwawa ya namna hii kwa miaka mingi, pamoja na ardhioevu za kutengenezwa zinazopandwa matete. Kwa majirani zetu wa Kenya, mabwawa ya Dandora yaliyoko Ruai, mashariki mwa Nairobi, ni miongoni mwa makubwa katika bara zima.

Majitaka huingia kwanza katika bwawa lenye kina kirefu, la mita mbili hadi tano, ambamo hakuna hewa. Humo tope hutulia chini na kuoza. Kisha maji huhamia bwawa la pili, lenye kina cha mita moja hadi mbili, na hapo ndipo mwani unapoanza kazi. Bakteria hula uchafu uliomo majini na kutoa hewa ukaa. Mwani huchukua hewa ukaa hiyo, naitrojeni na fosforasi, na kwa nguvu ya jua hujijenga mwili wake na kutoa oksijeni. Bakteria huitumia oksijeni hiyo kuendelea kula. Kila upande unamlisha mwenzake, na hakuna mashine wala gharama ya umeme. Ndiyo maana mfumo huu unafaa nchi zenye jua, na Tabora ina jua la kutosha.

Jambo la kuvutia hutokea alasiri. Mwani unapokuwa umechukua hewa ukaa kwa wingi tangu asubuhi, maji hubadilika na kuwa makali kwa namna ya magadi. Ukali huo, pamoja na mwanga, huua vijidudu vingi vya kinyesi. Sehemu ya amonia hugeuka gesi na kupaa, na sehemu ya fosforasi huungana na chokaa iliyomo majini ikazama chini. Usiku mambo hugeuka: mwani wenyewe hupumua na kutumia oksijeni. Hii ndiyo sababu samaki wa bwawa lililojaa kijani huonekana wakitweta juu ya maji alfajiri, na wakati mwingine wakafa kabla ya jua kuchomoza. Bwawa la tatu, lenye kina kifupi zaidi, hukamilisha kazi ya kuua vijidudu. Safari yote kutoka mwanzo hadi mwisho huchukua wiki kadhaa.

Katika miaka ya 1950 mhandisi William Oswald wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, pamoja na wenzake, aliliendeleza wazo hili zaidi. Alitengeneza mabwawa ya kina kifupi sana, yapata sentimita 30, yenye umbo la mfereji unaozunguka, maji yakisukumwa polepole na gurudumu la makasia. Kwa kuwa mwanga hufika hadi chini na maji hayatulii, mwani hukua kwa kasi kubwa na kunyonya virutubisho vingi zaidi katika eneo dogo. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba majitaka yanaweza kuwa shamba.

Sharti lisiloelezwa

Kunyonya si kuondoa. Mwani uliobeba naitrojeni na fosforasi tumboni mwake bado umo ndani ya maji. Ukiachwa utoke pamoja na maji hayo kwenda mtoni, utakufa, utaoza, na virutubisho vyote vitarudi majini kama vilivyokuwa, vikifuatana na upungufu wa oksijeni. Kazi hukamilika pale tu mwani unapovunwa na kutolewa nje ya maji.

Kuvuna ndiko kugumu. Chembe ndogo kiasi hicho hupita katika kitambaa chochote cha kawaida, na hazizami kwa urahisi. Mitambo mikubwa hutumia dawa za kugandisha, viputo vya hewa vinavyoinua mwani juu, au mashine za kuzungusha kwa kasi. Zote zina gharama. Maumbile yana wavunaji wake. Katika Ziwa Nakuru, heroe wadogo huchuja maji kwa midomo yao na kula spirulina, kiumbe kidogo cha kijani-bluu kinachostawi katika maji ya magadi. Baadhi ya aina za perege hula mwani wa bwawani. Mashamba ya mpunga, kama yale ya Mabogini, hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa njia nyingine: maji yenye mwani huingia shambani, mwani huoza kwenye udongo, na mpunga huchukua kilichokuwemo.

Kwa hiyo mtumiaji anapoambiwa kwamba mtambo fulani “unasafisha kwa mwani”, swali la kwanza la kuuliza ni: mwani wenyewe unakwenda wapi? Akijibiwa kwa mahali panapoonekana, liwe shamba, bwawa la samaki au kitanda cha kukaushia, anazungumza na mtu anayeijua kazi yake. Jibu la kwamba mwani “unamalizika wenyewe” si jibu.

Je, kaya ya Usoke inaweza kujitengenezea?

Tufanye hesabu ya makadirio. Mwani mkavu huwa na naitrojeni ya takriban asilimia 8 ya uzito wake. Ili kunasa kilo 12 za naitrojeni, kile kiwango cha chini cha kaya ya watu sita, pahitajike kilo 150 za mwani mkavu kwa mwaka. Bwawa la kina kifupi linalotunzwa vizuri katika nchi ya joto linaweza kutoa takriban gramu 15 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani kama kilo tano na nusu kwa mwaka. Kwa hiyo eneo linalohitajika ni karibu mita za mraba 27, sawa na sebule kubwa. Hilo halitishi.

Kinachotisha ni kiasi cha maji. Katika bwawa la namna hiyo lita moja huwa na nusu gramu hivi ya mwani mkavu. Kupata kilo 150 ni kuchuja lita 300,000 katika mwaka, zaidi ya lita 800 kila siku, kwa kifaa ambacho kaya haina. Na bwawa lisilovunwa nyuma ya nyumba ni mazalio ya mbu, ni hatari kwa mtoto anayetambaa, na penye konokono wa maji linaweza kuwa chanzo cha kichocho. Ushauri wetu ni kwamba kaya moja isichimbe bwawa la mwani. Anayekuja kukuuzia “mbegu ya mwani” ya kumwaga kwenye shimo la choo apuuzwe kabisa: ndani ya shimo hakuna jua, na pasipo jua mwani haufanyi kazi yoyote.

Kwa kaya, mvunaji bora ni mmea mkubwa. Maji ya kufulia na kuoshea vyombo, yakiwa hayana mafuta mengi wala dawa kali za kufanyia usafi, yaelekezwe kwenye shimo lililojazwa kokoto na kuzungushiwa migomba. Mgomba hunywa maji mengi, huchukua naitrojeni na fosforasi, na mkungu unapokatwa virutubisho huwa vimevunwa bila mashine. Shimo hilo lifunikwe ili maji yasisimame wazi, nalo liwe mbali na kisima. Maji hayo hayafai kumwagiliwa mchicha au mboga nyingine zinazoliwa mbichi au zinazogusa ardhi.

Bwawa la mwani ni jambo la jumuiya: shule yenye bweni, hospitali, soko, au mji mzima. Katika ngazi hiyo kuna mtu wa kuajiriwa, kuna eneo la kuzungushia uzio, na mavuno yanaweza kulipia sehemu ya gharama. Miji midogo iliyo kando ya reli, ambayo kwa sasa hutegemea mashimo na makaro, ina nafasi ya kupanga hili mapema kabla viwanja havijajaa. Ardhi ndiyo gharama kubwa ya mabwawa, na huwa rahisi kupatikana kabla ya mji kukua kuliko baada yake. Ujio wa maji ya bomba huongeza uharaka, kwa kuwa nyumba inayopata maji mengi hutoa majitaka mengi. Urambo ni mmoja wa miji 28 iliyomo katika mradi mkubwa wa maji ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022. Wananchi wanapohudhuria mikutano kuhusu maji yanayoingia, waulize pia kuhusu yale yatakayotoka.

Mambo ambayo mtumiaji anaweza kudai na kufanya

Kanuni za Usimamizi wa Mazingira kuhusu viwango vya ubora wa maji, za mwaka 2007, zinaweka mipaka kwa majitaka yanayoachiwa kwenda kwenye mazingira. Fosforasi isizidi miligramu 6 kwa lita, naitreti isizidi 20, na uchafu unaooza, unaopimwa kwa oksijeni inayotumika katika siku tano, usizidi 30. Linganisha kiwango hicho cha fosforasi na zile sehemu chache za mia za miligramu zinazotosha kugeuza lambo kuwa kijani. Mtambo unaweza kutimiza sheria na bado maji yake yasifae kumiminwa katika lambo dogo la mifugo. Yanapaswa kwenda shambani, au mtoni penye maji mengi.

Unapokodi gari la kunyonya karo, dai stakabadhi, na muulize dereva anakokwenda kumwaga. Bei iliyo chini mno mara nyingi ina maana kwamba safari ya kwenda kwenye bwawa la kutibu haitafanyika, na mzigo wako utamwagwa mbugani usiku. Ukiona jambo hilo, andika namba ya gari, tarehe, saa na mahali, kisha utoe taarifa kwa afisa afya wa kata au kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC.

Anayechimba choo kipya azingatie umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Mwenye kisima kilicho karibu zaidi ya hapo, hasa nyumba ikiwa na mtoto aliye chini ya miezi sita asiyenyonya maziwa ya mama peke yake, aombe maji yapimwe naitreti. Maombi yapelekwe kwa chombo kinachokuhudumia, kiwe mamlaka ya maji ya mji au chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kilicho chini ya RUWASA, wakala ulioanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Wakati majibu yanasubiriwa, maji ya mtoto yachotwe kwenye chanzo kingine.

Lambo likionyesha utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika, wenye harufu ya uozo, mifugo izuiwe na watoto wasioge humo. Usijaribu kuuondoa utando kwa kumwaga dawa, kwani chembe zinapokufa kwa pamoja hupasuka na kuachia sumu yote majini kwa mara moja. Mpe taarifa mwenyekiti wa kijiji na afisa mifugo, na uwaeleze utando ulionekana lini na mifereji ipi inaingia katika lambo hilo.

Lalamiko kuhusu huduma ya mamlaka ya maji huanzia kwa mamlaka yenyewe, kwa maandishi, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika na majibu, au usipojibiwa, lipeleke EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, litakusaidia kuliandaa. Ambatanisha ankara za karibuni, stakabadhi, na picha kama unazo, na uandike namba ya simu ambayo utapatikana wakati wote.